Yuko Nani Ndani ya Kinyago? Ubudha katika nyimbo za David Bowie

Katikati ya miaka ya 1960 kijana mmoja wa London, aliyekuwa akihangaika na muziki bila kupata jina, alimwendea mtawa wa Kibudha kutoka Tibeti akamwambia anataka kuacha yote na kuwa mtawa. Mtawa huyo ni Chime Youngdong Rinpoche, mmoja wa waliokimbia Tibeti mwaka 1959 na hatimaye kufika Uingereza. Chime amelisimulia tukio hilo uzeeni. Alimuuliza kijana anaweza kazi gani. Kijana akajibu, muziki. Basi usiwe mtawa, akamwambia, fanya muziki. Kijana huyo alikuwa David Bowie, mwimbaji wa roki wa Uingereza aliyekuja kuwa maarufu duniani.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwalimu mwingine angefurahi kupata mfuasi, tena kijana wa Kizungu mwenye sura ya kuvutia na hamu ya kujifunza. Chime alimrudisha kwenye kumbi za muziki. Kwa maoni yangu hakumrudisha mikono mitupu. Ubudha wa Bowie haukuishia pale alipoacha wazo la kunyoa kichwa. Uliingia kwenye mashairi yake, na ukazama zaidi kadiri alivyoacha kuutaja. Nyimbo zake zenye Tibeti ndani ndizo nyepesi. Zile nzito hazina mlima, hazina hekalu, na msikilizaji anaweza kuziimba miaka ishirini asijue anaimba fundisho la watawa.

Huku kwetu Mtwara Bowie hajulikani sana. Ukipita Magomeni au Chikongola jioni utasikia singeli, Bongo Fleva, taarabu, na kaswida kukiwa na maulidi. Roki ni muziki tunaouona kwenye filamu. Mimi nilifika kwake kwa njia ya wimbo uitwao African Night Flight, wa albamu ya Lodger ya mwaka 1979, ambao rafiki alinitumia kwenye simu kwa sababu ndani yake mnasikika "asante" na "habari" zikirudiwarudiwa kwa kasi. Bowie alikuwa ametembelea Kenya, akaondoka na maneno mawili matatu. Baadaye, mwaka 1992, alimwoa Iman, Msomali aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Na mwaka 1981 alikuwa ameimba pamoja na kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Kwa hiyo si mgeni kabisa wa pwani hii. Nilianza na udadisi huo mdogo, nikaendelea kusikiliza nyuma na mbele, na nilipofika kwenye nyimbo za mwaka 1967 nikasimama.

Albamu yake ya kwanza ilitoka tarehe 1 Juni 1967, akiwa na miaka 20. Mle ndani kuna wimbo Silly Boy Blue. Unaanza na milima ya Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, ikinyeshewa mvua na watu wakipita njia za Potala, kasri la Dalai Lama, kiongozi wa Kibudha wa Watibeti. Kuna mvulana wa Tibeti anayeambiwa yeye ni mtu mwema zaidi aliyezaliwa upya. Bowie hakuwa ameiona Lhasa. Aliijua kwa vitabu, hasa kile cha Heinrich Harrer, Mwaustria aliyeishi Tibeti, na kwa simulizi za waalimu wake. Mandhari yote ni ya kuazima, na yanasikika hivyo.

Lakini katikati ya mandhari hayo kuna jambo la kweli. Mvulana huyu anafeli. Ni mwanafunzi wa dini asiyeweza kutulia. Anatamani kuutoka mwili wake, aruke, na wimbo unamwambia hataweza: itabidi asubiri afe. Kijana wa miaka 20 angeweza kuandika wimbo wa kusifu watawa wenye hekima. Yeye akaandika juu ya yule anayeshindwa kukaa kimya. Nadhani alijiandika mwenyewe.

Wimbo mwingine wa wakati uleule, Karma Man, una mtu aliyekaa ndani ya hema la maonyesho amevaa vazi la rangi ya zafarani, na mwilini mwake zimechorwa hadithi za maisha ya watu. Wapita njia wanamtazama wanaona ni kituko. Mmoja anaona pale nyakati zake na watu aliowahi kuwa. Ni picha nzuri, ila bado ni picha. Bowie anautazama Ubudha kupitia mlango wa hema. Hajaingia.

Nadhani aliingia kwa mlango mwingine, na mlango huo sisi wa Kusini tunaujua kuliko wakosoaji wa muziki wa London.

Mwaka 1967 Bowie alianza kujifunza uigizaji wa kimya, ule wa mwili bila maneno, kwa Lindsay Kemp. Mwaka uliofuata alitunga igizo la namna hiyo juu ya mvulana wa Tibeti chini ya utawala wa China, akalicheza jukwaani. Akatunga na lingine fupi, The Mask, yaani kinyago, lililorekodiwa kwenye filamu mwaka 1969. Kijana anakiona kinyago kwenye duka la vitu chakavu, anakiiba, anakivaa nyumbani, wazazi wanafurahi. Anakivaa kazini, wenzake wanacheka na kumpenda. Anakuwa maarufu, anaalikwa kwenye majukwaa makubwa. Usiku wa onyesho kuu anataka kukivua, hakivuki. Kinambana mpaka kinamuua mbele ya watu. Magazeti yanaandika sana juu ya kifo chake, lakini hayataji kinyago chochote.

Hapo Bowie hakuwa na umaarufu wa kumbana. Aliandika kabla halijatokea.

Mimi ni mtoto wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na nilikulia kwa bibi mzaa mama. Kwa Wamakonde mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na mjomba wangu alikuwa mchezaji wa mapiko. Kwa asiyejua, mapiko ni ngoma ya vinyago, inayochezwa hasa vijana wanapotoka jandoni. Wengine kwetu husema midimu. Mchezaji huvaa kichwa kilichochongwa kwa mti mwepesi, chenye nywele za kweli, chale usoni, wakati mwingine na ndonya kwenye mdomo wa juu. Mwili wote hufunikwa nguo hata kidole kisionekane. Kichwa chenyewe huvaliwa kwa kuinamishwa, na mchezaji huona njia kupitia upenyo wa mdomo wa kinyago, basi. Zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni waliambiwa kwamba kilichomo mle si mtu, ni mfu aliyerudi. Niliyofundishwa jandoni sitayaandika hapa, hayahusiani na makala hii. Nasimulia yale ambayo siku hizi kila mtu anayaona, maana mapiko yanachezwa hata kwenye sherehe za serikali mbele ya wageni na kamera.

Nilipokuwa mtoto nilimtambua mjomba kwa namna alivyokuwa akitupa bega la kushoto. Nilijua, na nilijua kwamba sitakiwi kujua, na nikimtazama nilijikuta mambo yote mawili ni kweli. Yule alikuwa mjomba. Yule hakuwa mjomba. Alipokuja kula usiku kwa bibi, hakuna aliyemtaja yule wa mchana, na yeye mwenyewe aliuliza ngoma ilikuwaje kama mtu aliyekuwa safarini.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimezama kwenye Bowie, nilipanda Newala kumsalimia. Alikuwa ameketi uani anabangua korosho.

"Mjomba, ukiwa mle ndani, unajisikia wewe ni nani?"

"Mle ndani huna nafasi ya kuwa mtu, mjomba. Jasho linakuingia machoni, unaona miguu ya mpiga ngoma, basi. Ukianza kujiwaza wewe, hatua inakupotea na watu wanaona."

"Kwa hiyo anayecheza ni mzimu?"

"Mzimu ahesabu hatua za nini?"

"Sasa anayecheza ni nani?"

Akasema maswali hayo ni ya watu waliosoma, akanisogezea korosho nimsaidie.

Fundisho gumu kuliko yote katika Ubudha linahusu hapo hapo. Budha alifundisha kwamba ukimchambua mtu utakuta mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na ufahamu, vitano hivyo, na kila kimoja kinabadilika muda wote. Huwezi kumkuta ndani yake bwana mdogo wa kudumu anayevimiliki vyote. Kuna kitabu cha kale cha mazungumzo kati ya mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa India, na mtawa Nagasena. Mfalme anamuuliza mtawa yeye ni nani. Mtawa naye anauliza juu ya gari la farasi lililomleta mfalme: gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Mfalme anakataa kila kimoja, na mwisho anakubali kwamba "gari" ni jina tunalolipa vitu hivyo vikikaa pamoja. Ndivyo na Nagasena, anasema mtawa. Ni jina.

Watu wengi wakisoma hapo huogopa, au huona ni mchezo wa maneno. Mimi nilielewa kwa haraka kiasi, na sababu ni lile bega la kushoto.

Sasa urudi kwa Bowie wa mwaka 1970 na wimbo The Man Who Sold the World. Mtu anapishana ngazini na mtu mwingine. Yule anamwambia ni rafiki yake. Huyu anashangaa, kwa kuwa alidhani yule alikufa zamani, tena peke yake. Wanapeana mikono, huyu anarudi nyumbani, anatangatanga miaka na miaka akitafuta umbo na ardhi. Hakuna Tibeti, hakuna mvulana mtakatifu. Lakini sikiliza kiitikio. Mara ya kwanza anayesema hajawahi kupoteza usukani ni "mimi". Mara ya pili, maneno yakiwa karibu yaleyale, ni "sisi". Bowie hakueleza badiliko hilo ndani ya wimbo, na wengi hulipita. Kwangu wimbo mzima uko pale. Yule wa ngazini ni yeye mwenyewe wa jana, ambaye kweli amekufa, na ambaye kweli anampa mkono. Mwaka 1993 kundi moja la Marekani liliuimba upya mbele ya kamera za televisheni, na vijana wengi wakadhani ni wao. Kundi hilo lilijiita Nirvana, neno la Wabudha la kuzimika kwa tamaa. Sidhani walipanga hivyo. Nimefurahi tu kwamba limetokea.

Kisha akaja Ziggy. Albamu ya mwaka 1972 ilimtambulisha mwanamuziki wa kubuni, mwenye nywele nyekundu, anayeleta habari kutoka nyotani, na Bowie akamvaa Ziggy mchana na usiku. Tarehe 3 Julai 1973, kwenye ukumbi wa Hammersmith Odeon, alitangaza jukwaani kwamba hilo ndilo onyesho lao la mwisho kabisa. Baadhi ya wanamuziki wake walilisikia hapo hapo pamoja na mashabiki. Alimuua Ziggy akiwa kileleni, wakati tiketi bado zinagombewa.

Wakosoaji wengi huliita tukio hilo ujanja wa biashara, na kwamba tangu hapo alikuwa anabadili sura ili auze. Siwezi kukubali. Mfanyabiashara havunji duka linalojaa wateja. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi, na igizo lake la 1969 lilikuwa limeshasema kinyume: cha kuchonga mwenyewe ndicho kinachoua, kwa kuwa unasahau ulikichonga. Bowie alikiri baadaye kwamba Ziggy hakumwachia kwa miaka, hata baada ya lile onyesho. Kuvua ni kazi. Na Ubudha unaongeza hatua moja ambayo wengi wetu tunaiogopa, kwamba hata ile sura ya chini, ile unayoiita yangu halisi, nayo imechongwa na mazoea, na jina ulilopewa, na sifa za watu. Mjomba alivua kichwa cha mti akawa mjomba. Mjomba naye ni nani?

Wimbo ninaourudia kuliko yote ni Quicksand, wa albamu ya Hunky Dory ya Desemba 1971. Ndani yake yametupwa majina mengi, wachawi wa Ulaya, Churchill, Himmler, nyota wa sinema, kama mtu anayezama kwenye tope la fikra zake. Kisha kiitikio kinamwambia asijiamini mwenyewe, asidanganye kwa imani, kwamba ujuzi huja kifo kinapomfungua. Nilipousikia mara ya kwanza niliudhika. Katika ulimwengu wa muziki unaokwambia kila siku ujiamini, huyu anasema usijiamini? Ilinichukua muda kuona kwamba hasemi mtu ajidharau. Anasema huyo unayemwamini kwa nguvu hivyo, yule "mimi" unayemtetea kila saa, ndiye tope lenyewe.

Na mbele kidogo, bila maelezo, anamwambia mwenzake watakuja kusimuliana kwenye bardo ijayo. Bardo kwa Watibeti ni hali ya katikati, kati ya kufa na kuzaliwa upya, ambayo mapokeo yao huihesabu kuwa hadi siku 49. Msikilizaji wa London wa mwaka 1971 pengine alilipita jina hilo. Mswahili wa pwani haliruki, maana anaijua barzakhi, na anajua arobaini ya marehemu. Sisemi ni kitu kimoja. Barzakhi ni kungoja kufufuliwa, mtu yuleyule na matendo yake. Bardo ni mapito ya kwenda kwenye uhai mwingine. Lakini mtu aliyekulia kwenye utamaduni unaokubali kwamba kufa kuna katikati yake, ana pa kuuwekea wimbo huu.

Nilimsimulia hayo mzee mmoja ambaye huwa nakaa naye barazani Mikindani baada ya swala ya Alasiri, kahawa na kashata zikipita. Mzee huyu amesoma dini na hana haraka ya kumhukumu mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kijana wangu, kama hakuna nafsi ya kudumu, siku ya hesabu ataulizwa nani?"

Nilimjibu kama nilivyosoma: kwa Wabudha tendo lina matokeo yake, na matokeo yanamfuata yule atakayeendelea, hata kama hakuna kitu kisichobadilika kinachosafiri. Hakuridhika. Nami sikuridhika. Mimi ni Mwislamu, naamini mtu ana roho na ana Mola atakayemuuliza. Kurani inasema kila nafsi itaonja mauti, na mwenye kuonja ni nafsi. Naandika haya wazi kwa sababu wapo watakaosoma wakidhani nimebadili dini kwa ajili ya mwimbaji. Sijabadili. Ila kuna tofauti kati ya roho ambayo Mungu anaijua na yule "mimi" ninayemjenga kwa picha za simu na sifa za mtaani, na juu ya huyu wa pili Quicksand inasema kweli, na masheikh wetu wanaosomesha habari za kuipiga vita nafsi wangeielewa kwa urahisi.

Kuhusu wimbo Changes, unaofungua albamu ileile, nina neno. Unajulikana sana, na ndio unaotajwa kila mara watu wanapozungumzia Bowie na mambo kupita. Ndani yake anasema aligeuka ajitazame lakini hakuwahi kujiona kama wengine wanavyomwona. Anasema wakati unaweza kumbadilisha, yeye hawezi kuukamata. Yote hayo ni sawa na fundisho. Lakini ni wimbo wa kijana mwenye furaha, na badiliko lake ni la kuchagua. Sisi wa Mtwara tunajua na lile usilolichagua.

Bowie alizaliwa Brixton, London, tarehe 8 Januari 1947. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kwa kuwa watu wake waliotoka vitani walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mtoto wa Brixton ndiye aliyekusudiwa kulishwa na ardhi ya Nachingwea. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikatandikwa kwenda bara. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, gharama imepaa na mavuno hayaonekani. Reli nayo ilifungwa na kung'olewa uhuru ulipokwisha kupatikana. Leo mjini tuna kata inaitwa Reli, na reli haipo. Kuna wazee walioijenga hiyo reli wakiwa vijana, na wakaishi kuiona ikiondoka, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kwa mabadiliko.

Ndiyo maana nasema Ubudha haukufundisha kwamba kubadilika ni kuzuri. Ulifundisha kwamba kunauma, na kwamba maumivu yanazidi kwa kung'ang'ania. Bowie wa Changes anayajua maneno haya kwa kuyasoma. Bowie wa Where Are We Now?, wimbo alioutoa ghafla tarehe 8 Januari 2013, siku alipotimiza miaka 66, baada ya kunyamaza muda mrefu, anayajua kwa mwili. Anatembea ndani ya kumbukumbu za Berlin, anataja vituo na mitaa, anajiita mtu anayetembea na wafu. Sauti imechoka. Mwishoni hatafuti kurudi. Anahesabu vilivyobaki: jua lipo, mvua ipo, moto upo, mimi nipo, wewe upo. Ningeweza kumpa wimbo huo mzee yeyote wa Reli aliyejenga ile njia, na nisingehitaji kumfasiria sana.

Nisiufanye mwendo wake kuwa mnyoofu. Mwaka 1975 aliishi Los Angeles akiangamia kwa kokeini. Albamu ya Station to Station ya mwaka uliofuata ina istilahi za Kabbalah, elimu ya siri ya Kiyahudi, na ndani ya albamu hiyohiyo umo wimbo Word on a Wing, ambao ni dua kwa Mungu, haina jina lingine. Tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury pale Wembley, alipiga goti jukwaani akasali Baba Yetu mbele ya umati mkubwa. Kwa hiyo anayetaka kumsajili Bowie kwenye dini moja atapata tabu. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisema kilichobaki kwake kutoka miaka ile ya Ubudha ni ile hisia ya kupita na kubadilika kwa vitu, na kwamba ilikuwa msingi wa namna alivyoishi. Mimi namwamini.

Na Tibeti hakuisahau. Mwaka 1997 alitoa wimbo ulioitwa kwa jina la kile kitabu cha Harrer, Seven Years in Tibet, akaurekodi na kwa Kichina cha Mandarin. Safari hii hakuna kasri wala mvua nzuri milimani. Kuna mtu aliyepigwa risasi ya kichwa na mwanamke mzee aliyemshika. Mwaka 2001, katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, kwenye tamasha la kuichangia taasisi ya Tibet House, aliuimba tena Silly Boy Blue, miaka 34 baada ya kuutoa. Napenda kufikiri kwamba wakati huo yule mvulana anayeshindwa kutulia alikuwa amekuwa mtu wa kweli kwake.

Albamu ya Blackstar ilitoka tarehe 8 Januari 2016, na siku mbili baadaye Bowie akafa kwa saratani aliyoificha kwa watu. Kwenye picha za video amefungwa kitambaa machoni, na mahali pa macho vimewekwa vifungo. Kinyago chake cha mwisho ndicho hicho. Na ndani ya wimbo wenye jina la albamu yupo mtu anayekana kila anachoitwa: si nyota wa filamu, si nyota wa muziki, si hiki, si kile, jinsi Nagasena alivyoendelea na gurudumu na ekseli. Kabla ya hapo kuna mistari ninayoiona kuwa ya Kibudha kuliko yote aliyowahi kuandika. Siku aliyokufa, roho ilipanda mita moja ikasogea pembeni. Mwingine akachukua nafasi yake, akapaza sauti kwa ujasiri. Hakuna mbingu inayofunguka pale. Mita moja tu, na pembeni. Hajasema huyo mwingine ni nani, na hajamlilia yule wa kwanza. Amemwachia nafasi.

Wosia wake, uliotangazwa mwezi huohuo, uliomba majivu yake yatawanywe Bali kwa taratibu za Kibudha za kisiwa hicho. Watu wengi wa Bali ni Wahindu, ila dini yao imeshikana na Ubudha kwa karne nyingi. Hapo mimi naachana naye. Nataka kaburi, Newala, watu wajue ni langu.

Ile mistari ya mita moja nilimsomea mzee wa Mikindani kwa Kiswahili changu. Alikaa kimya kidogo, kisha akarudi kwenye swali lake.

"Huyo aliyechukua nafasi, atalipa madeni ya yule aliyeondoka?"

"Kwao ndiyo, mzee. Analipa yote."

"Basi hapo kidogo tunaelewana," akasema, akamwita muuza kahawa atuongeze.